Rahisi na Nafuu

Msomaji wangu, kuna maneno mawili ambayo sokoni hutumiwa kana kwamba ni pacha, nayo si pacha. Moja ni rahisi, la pili ni nafuu. Kitu rahisi ni kile kilichochukua fedha chache mfukoni mwako siku ya kununua. Kitu cha nafuu ni kile ambacho, ukifanya hesabu ya miaka miwili au mitatu, fedha ulizokitolea ni ndogo kuliko kazi kiliyokufanyia. Napenda kukuzungumzia tofauti ya maneno haya, si katika nguo wala viatu, bali katika kompyuta, programu na vyombo vidogo vya umeme vya nyumbani. Huo ndio uraibu wangu, na najua ya kuwa ni uraibu wa wengi miongoni mwenu. Kila mwaka mwanafunzi mmoja au wawili hunijia baada ya kipindi wakanong'ona, kana kwamba wanatoa siri ya aibu, ya kuwa wanatamani kompyuta yao wenyewe lakini nyumbani fedha haitoshi. Ni kweli fedha ni kidogo. Hata mshahara wa mwalimu, ukiupima mbele ya bei zilizobandikwa katika madirisha ya Nairobi, huonekana mfupi kama kivuli cha adhuhuri. Lakini katika jambo hili fedha kidogo huweza kufika mbali, kama mwenye fedha yuko tayari kujifunza kuangalia.

Nakaa Chepilat, na shule ninayofundisha haiko mbali na hapo. Kama hupajui, shika barabara itokayo Kericho kwenda Kisii kwa njia ya Litein na Sotik. Ukiisha kupita Sotik, kabla hujafika Keroka, utaona kituo cha biashara kilichokaa mpakani hasa: upande mmoja ni Kaunti ya Bomet, upande wa pili ni Kaunti ya Nyamira. Majani ya chai yako pande zote mbili. Ndizi za Wakisii hukutana hapa na ng'ombe na maziwa ya Wakipsigis, na mapatano hufanywa kwa Kiswahili, lugha ambayo kwa wengi wa pale si lugha ya mama, na kwa hiyo hakuna aliye mgeni ndani yake. Mimi nilijifunza kupatana bei mahali hapa kabla sijajifunza kuandika hati safi.

Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi uliogombaniwa, mapigano yalifika mpaka huu na maduka yakachomwa. Wakati ule nilikuwa mwanafunzi wa sekondari kama wewe. Nakumbuka jambo moja ambalo sikulisoma katika kitabu chochote cha uchumi: mara tu watu wa pande mbili walipoacha kukutana, kila kitu kilikuwa ghali kwa wote. Maziwa yalimwagwa upande mmoja na upande wa pili watoto walikunywa chai ya rangi. Tangu siku zile nimekuwa nikidhani ya kuwa sehemu kubwa ya bei ya kitu chochote ni ile khofu iliyopo kati ya muuzaji na mnunuzi. Khofu ikipungua, bei hushuka. Utaona jinsi jambo hili linavyorudi katika habari za kompyuta.

Tuanze na mashine yenyewe. Mtu mwenye fedha chache hukutana na njia mbili. Ya kwanza ni kununua mashine mpya ya bei ya chini kabisa: inang'aa, ina karatasi ya nailoni juu ya kioo, na ndani yake ina nguvu za kitoto. Ya pili ni kununua iliyotumika, ambayo wauzaji wa Nairobi, hasa wale wa barabara ya Luthuli na mitaa iliyo jirani nayo, huiita ex-UK, hata kama ilitoka Ujerumani au Dubai. Vijana wengi huikimbilia ya kwanza kwa sababu ya ule mng'ao. Mimi husimama na ya pili, nami nitakueleza sababu.

Makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani huwapa wafanyakazi wao laptopu imara, zilizotengenezwa kwa kazi ya ofisini: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad. Zikiwa mpya, bei yake humtisha mtu. Lakini makampuni hayo huzibadilisha zote kwa pamoja baada ya miaka mitatu, minne au mitano, si kwa kuwa zimekufa, bali kwa kuwa mkataba umekwisha au mhasibu ameamua hivyo. Hapo huuzwa kwa jumla, kwa maelfu, zikapakiwa na kusafirishwa. Laptopu ya namna hii inapofika kwetu imekwisha kupoteza bei yake kubwa, lakini bado haijapoteza nguvu zake. Bawaba zake ni za chuma, kibodi yake hufunguliwa kwa bisibisi, na vipuri vyake vimejaa mitaani kwa sababu ziliuzwa nyingi.

Tena wakati huu tulio nao ni wakati wa pekee. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuutunza mfumo wake wa Windows 10 kama ilivyokuwa ikiutunza zamani. Mfumo uliofuata, Windows 11, uliotoka mwaka 2021, huzikataa mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi, kwa sababu vichakato vyao ni vya zamani au hazina kidude fulani cha usalama ambacho mfumo huo unakitaka. Mashine hizo hazikuugua usiku wa tarehe 14. Kesho yake ziliwaka kama kawaida. Lakini ofisi nyingi haziwezi kukaa na mashine isiyotengenezewa tena kinga, basi huzitoa. Kitu kinachotolewa na wengi kwa wakati mmoja hushuka bei. Mtu anayejua jinsi ya kuishi na mashine kama hiyo bila Windows amewekewa meza, na njia ya kuishi hivyo nitakuja kuisema.

Oktoba ni mwezi mkubwa kwetu kwa sababu nyingine pia. Ndio mwezi ambao wakulima wa chai wanaopeleka majani katika viwanda vinavyosimamiwa na KTDA hupata bonasi yao ya mwaka. Bonasi ya mwaka 2025 ilishuka, na katika sehemu zetu za magharibi ya Bonde la Ufa manung'uniko yalikuwa makubwa. Katika siku hizo mama mmoja mwenye shamba dogo la chai, ambaye binti yake ni mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, alinijia akiwa ametenga shilingi 15,000. Binti alikuwa amejifunza kuandika programu ndogo katika kompyuta za shule, kwa zamu ya dakika arobaini kwa juma, wanafunzi watatu mbele ya kioo kimoja. Mama hakujua programu ni nini. Alijua kwamba mtoto wake alikuwa akichora vibodi kwenye karatasi na kubonyeza herufi za wino. Dalali mmoja alikuwa amemletea mashine mpya, ndogo, kwa bei ile ile ya 15,000. Akaniuliza, “Mwalimu, ungekuwa ni wewe, ungeshika hii?”

Nilimwambia twende kwanza Kisii mjini, kwa kijana mmoja anayeleta laptopu zilizotumika kutoka Nairobi. Nilikuwa nimejiandaa kuwa msemaji. Kumbe sikuhitajiwa sana. Kijana aliweka mezani Latitude moja, tayari inawaka, picha ya mlima wenye theluji imejaa kiooni. Akataja 18,500. Mama hakuitazama picha. Akamwuliza, “Kijana wangu, mwenyewe aliiuza kwa nini?”

“Mama, hizi ni za kampuni za ng'ambo. Wao hubadilisha zote kila baada ya miaka michache.”

“Basi haikufukuzwa kwa ugonjwa?”

“La, mama. Ni desturi yao tu.”

“Haya. Izime.”

Kijana akastaajabu. Mama akamweleza, kwa upole, ya kuwa hajapata kununua ng'ombe aliyekwisha kukamuliwa asubuhi na mwenye kuuza. Ng'ombe hukamuliwa mbele ya mnunuzi. Mashine ikazimwa, tukasubiri ikapoa, ikawashwa upya. Na hii, msomaji wangu, ni moja katika dawa bora za kujua hali ya kompyuta iliyotumika, maana yako maradhi mengi ambayo hujificha mashine ikiisha kupata joto, na mengine huonekana pale inapoamka tu: diski inayogonga, feni inayolalamika, kioo kinachochelewa, saa iliyorudi nyuma miaka kumi kwa sababu kibetri kidogo cha ndani kimekufa.

Baada ya hapo zamu yangu ilifika. Ng'ombe husomwa umri kwa meno ya mbele ya taya la chini. Laptopu husomwa kwa betri. Ndani ya Windows iko amri ya kuandikisha ripoti ya betri, nayo huonyesha namba mbili: ile ya nguvu betri iliyozaliwa nayo, na ile inayoweza kushika leo. Yetu ilikuwa imebakiza kama sehemu mbili katika tatu. Nikamwonyesha mama namba hizo, naye akazielewa mara moja kuliko wanafunzi wengi. Nikaingiza flashi yangu yenye programu ya kukagua diski, nikabonyeza kila herufi ya kibodi moja baada ya moja, nikafungua ukurasa mweupe ili kutafuta madoa ya kioo, nikafungua na kufunga kifuniko mara kadhaa nikisikiliza bawaba. Nikachomeka kitu katika kila tundu. Mwisho nikaingia katika mipangilio ya chini kabisa, ile inayofunguliwa kabla mfumo haujaamka, kuona kama kampuni ya kwanza iliacha neno la siri. Mashine yenye neno la siri huko chini ni nyumba uliyouziwa bila ufunguo wa chumba kimoja, nawe hujui ndani ya chumba hicho mna nini.

Mama alipatana mwenyewe. Njia yake ilikuwa kunyamaza. Kila kijana alipotaja bei, yeye aliitazama mashine, akatazama mlango, akapanga upya khanga yake. Kutoka 18,500 ikawa 17,000, kisha 15,500. Nikasema kwamba betri imekwisha kula theluthi. Ikawa 14,000, pamoja na chaja yake halisi na risiti yenye namba ya mashine. Risiti hiyo mama hakuwa akiitaka; niliitaka mimi. Katika biashara ya vitu vilivyotumika zimo mali za wizi, na sheria ya Kenya humhesabu mwenye kupokea mali ya wizi hali anajua kuwa ni mkosaji, hata kama hakuiba kwa mkono wake. Muuzaji anayekataa kuandika namba ya mashine kwenye karatasi amekwisha kukujibu swali ambalo hujamwuliza.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa nguo na matunda nakubali. Kwa mashine sina hakika. Ile Latitude ilikuwa na mikwaruzo mgongoni na alama ya gundi mahali palipokuwa na karatasi ya kampuni, isingejiuza hata kidogo. Ile mpya ya dalali ingejiuza yenyewe. Lakini ile mpya, nilipoichunguza siku ya kwanza, kumbukumbu yake ilikuwa imechomelewa na haiongezeki, na ghala lake la ndani lilikuwa dogo hata mfumo wenyewe ulikaribia kulijaza. Baada ya mwaka mmoja ingekuwa sinia la kubebea vikombe.

Sasa programu. Hapa ndipo kijana mwenye uraibu wa kompyuta hupoteza fedha nyingi au heshima nyingi, na mara nyingine vyote viwili.

Katika miji yetu yote, mkubwa na mdogo, vipo vibanda ambapo kwa shilingi mia mbili au tatu utawekewa programu ambayo dukani huuzwa kwa maelfu. Zimevunjwa kufuli. Watu wengi hawahesabu jambo hili kuwa wizi, kwa sababu kitu kilichonakiliwa hakiondoki kwa mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haina shaka hiyo: programu ya kompyuta imelindwa kama kitabu kinavyolindwa. Lakini niache sheria, niseme nafuu. Mwalimu mwenzangu wa shule nyingine aliwekewa programu ya ofisi kibandani. Pamoja nayo alipewa, bila kuomba, mgeni aliyekaa kimya miezi miwili. Katika juma la kuandika ripoti za muhula, mgeni yule aliamka akafunga mafaili yote kwa kufuli la namba na kudai fidia kwa fedha za mtandaoni. Alama za kidato kizima zilikuwamo. Walimu wanane walikesha siku nne wakikusanya karatasi za mitihani zilizokwisha kurudishwa kwa wanafunzi, na wanafunzi ambao karatasi zao zilipotea walitahiniwa tena. Programu ile ilikuwa rahisi sana: shilingi 300.

Aliyevunja kufuli la mlango wa mtu mwingine ili akuingize, nina shaka kama ataufunga mlango wako vizuri akitoka. Na si haja kuvunja, kwa kuwa ipo mali iliyotolewa bure na wenyewe, tena mali bora. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza kazi aliyoiita GNU, ya kuandika mfumo mzima ambao kila mtu angekuwa na haki ya kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kumpa mwenzake. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, alitoa kiini cha mfumo kilichokuja kuitwa Linux. Kazi hizi mbili zilipokutana, uradhi wa watu wengi wasiojuana ukazaa mfumo ambao leo unaendesha sehemu kubwa ya kompyuta zinazobeba intaneti ya dunia. Simu yako ya Android, ijapokuwa hukujua, imesimama juu ya kiini hicho hicho.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, kisahani kimoja cha Ubuntu kilikuwa kikipita mikononi mwetu. Ubuntu ulianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na kwa miaka kadhaa, hadi mwaka 2011, mtu yeyote duniani aliweza kuandika anwani yake na kuletewa visahani kwa posta bila kulipa hata senti. Hicho chetu kilikuwa na mikwaruzo kama sahani ya bwenini. Sikumjua aliyekiagiza. Kilikuwa na ruhusa ya wazi ya kunakiliwa na kupewa wengine, nami, niliyezoea kusoma maonyo ya kukataza kila mahali, nilikisoma mara mbili nikidhani kuna hila. Hapakuwa na hila.

Kwa sababu hiyo ile Latitude ya Kisii haikurudi nyumbani na Windows iliyokwisha kuachwa na mwenyewe. Tuliiwekea Linux siku ile ile, kwa flashi, kwa muda wa kama dakika ishirini. Kwa kuandika barua na kupiga hesabu ina LibreOffice. Kwa picha ina GIMP, ambayo ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley. Kwa muziki na sinema ina VLC, iliyotokana na kazi ya wanafunzi wa Paris. Usishangae kusikia wanafunzi, wanafunzi. Watu wenye akili na wakati, wasio na fedha, ndio waliojenga vingi katika hivi, nawe u katika kundi lao. Kwa kuwa nyumbani kwa yule binti vifurushi vya intaneti hununuliwa kwa kupima kama chumvi, niliongeza Kiwix, programu inayomwezesha mtu kusoma Wikipedia bila intaneti. Wikipedia ya Kiswahili yote huenea katika flashi ndogo na nafasi ikabaki.

Wala usifikiri ya kuwa lugha yetu haina sehemu katika kazi hii. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili tangu amri ya kwanza hadi ya mwisho. Haikuendelezwa kwa miaka mingi. Lakini waliweza kuifanya bila kumpigia magoti mtu, kwa sababu waliyoishika ilikuwa mali huru. Programu iliyofungwa hungoja hadi mwenyewe aone faida ya kukusemesha kwa lugha yako.

Nisikudanganye: zipo kazi ambazo programu huru bado hazijazifikia zile za kulipiwa, na ukifika mahali hapo lipa, ukiwa na uwezo. Ila kwanza uliza kama kuna bei ya mwanafunzi. Makampuni kadhaa makubwa huwapa wanafunzi na walimu programu zao bure au kwa bei ndogo mno, wakijua utazizoea na kuzinunua ukubwani. Angalia pia kama unanunua au unakodi. Tangu mwaka 2013 kampuni ya Adobe ilipogeuza programu zake kuu kuwa za kulipiwa kila mwezi, wengi wamefuata nyayo hizo. Kukodi shamba si vibaya kama una mazao ya msimu mmoja. Kukodi shamba miaka kumi ili upande migomba mitatu ni hesabu ya mtu aliyelala.

Vyombo vidogo vina raha yake nyingine. Mwaka 2005 watu wa mji wa Ivrea, Italia, walitengeneza kibao cha elektroniki kwa ajili ya wanafunzi wao wakakiita Arduino. Waliichapisha ramani yake wazi, ili yeyote mwenye kiwanda aweze kukitengeneza. Walichojiwekea ni jina. Hii ndiyo sababu utakuta Nairobi vibao vya kazi ile ile, kutoka China, kwa bei ya sehemu ndogo ya kile halisi, navyo si vya wizi maadamu havikuandikwa jina la wenyewe. Mwaka 2012 Waingereza wa Cambridge walitoa Raspberry Pi, kompyuta nzima yenye ukubwa wa kadi, kwa dola 35. Na mwaka 2021 wakatoa kibao chao kidogo, Pico, kwa dola 4. Bei hizo ni za kwao. Ikiisha kuvuka bahari, ikalipiwa ushuru na kupita mikono mitatu, utaikuta imenenepa. Kwa hiyo sisi wa chama cha kompyuta hapa shuleni huagiza pamoja, mara moja kwa muhula, ili nauli ya kifurushi kwenye matatu igawanywe kwa watu kumi na wanne. Wala hatutumi fedha mbele kwa mtu tusiyemjua. Muuzaji wetu ni mmoja, tumemzoea miaka minne, na bei anayotupa leo haifanani na ile ya siku ya kwanza. Hiyo ndiyo khofu niliyokuambia: kila mwaka imepungua kidogo, pande zote mbili.

Mahali pa kuwa na macho makali zaidi ni kwenye flashi na kadi za kumbukumbu. Ziko zilizofundishwa kusema uongo. Utaiweka katika kompyuta, nayo itajitangaza kuwa na ukubwa wa gigabaiti 512, kumbe ndani yake mna nane. Utaweka mafaili, yatapokelewa yote bila malalamiko, na yale ya mwisho yatakuwa yanaandikwa juu ya yale ya kwanza. Hutajua mpaka siku utakapoyahitaji. Dawa yake ni programu iitwayo f3, nayo ni ya bure: huijaza flashi mpaka pomoni, kisha huisoma tena yote ikilinganisha. Kazi hiyo huchukua saa nyingi kwa flashi kubwa, kwa hiyo patana na muuzaji kabla ya kulipa ya kuwa utairudisha ikishindwa. Mwenye mali ya kweli hukubali bila kukunja uso.

Kuhusu zile siku za kupunguza bei, hasa ile Ijumaa ya mwishoni mwa Novemba ambayo maduka ya mtandaoni yaliiga kutoka Marekani, sina mengi. Shika daftari. Andika bei ya kitu unachokitaka tangu Septemba, kila Jumamosi. Ikifika siku yenyewe utakuwa mtu mmoja kati ya wachache wanaojua kama bei imeshuka kweli, au ilipandishwa wiki mbili nyuma ili ipate mahali pa kushukia.

Muhula uliopita chama chetu kilitengeneza kizimba cha vifaranga. Kibao kimoja cha namna ya Arduino, kihisi cha joto, swichi ya umeme na taa mbili. Sanduku lilitoka kwa seremala wa Chepilat, na waya tulizitoa katika redio iliyokufa. Joto likishuka chini ya kipimo taa huwaka, likizidi huzima. Programu yake iliandikwa na yule binti, usiku, kwenye ile Latitude, na sehemu kubwa aliichukua kwa ruhusa kutoka kazi za watu aliowaona kwa majina tu. Vifaranga ishirini na watano waliingia. Ishirini na watatu wako hai. Umeme ukikatika, nao hukatika sana majira ya mvua, lazima mtu aamke na jiko la makaa. Sasa tunatafuta betri ya gari iliyotumika, yenye uwezo wa kushika usiku mmoja. Tumeiona moja Sotik, wanataka 4,500. Mama yake binti amesema tusilipe kabla hajaiona ikiamka.